Mashine za bisi: Faida huanzia ndani ya punje

MBELE ya maduka makubwa, kwenye vituo vya mabasi na nje ya viwanja vya michezo, sanduku la kioo lenye taa ya manjano limekuwa jambo la kawaida katika miji mingi ya Afrika Mashariki.

Ndani ya sanduku hilo huning'inia sufuria ndogo inayofurika bisi nyeupe, na harufu yake huwafikia wapita njia kabla hawajamwona muuzaji.

Kwa mtazamaji, biashara hiyo huonekana nyepesi. Mtaji wake mkubwa ni mashine, na malighafi zake ni tatu tu: mahindi, mafuta na chumvi. Ndiyo maana imewavutia vijana wanaotaka kujiajiri, akina mama wanaouza vitafunwa karibu na shule na wenye maduka wanaotafuta kipato cha ziada.

Hata hivyo, si kila anayenunua mashine hupata kile alichokitarajia. Wako ambao sehemu kubwa ya punje zao hubaki chini ya sufuria bila kupasuka. Wengine bisi zao hutoka ndogo na ngumu, na wengine huunguza mashine siku ya kwanza tu ya kuiwasha. Mara nyingi lawama zote huelekezwa kwa mashine.

Ukweli ni kwamba mashine ya bisi haipasui mahindi. Kazi hiyo hufanywa na maji machache yaliyofungwa ndani ya kila punje. Mashine huleta joto, hukoroga na kukusanya, basi. Asiyeitambua tofauti hiyo anaweza kununua mashine ya bei ghali na bado akaupoteza mtaji wake.

Punje ni mtungi wa mvuke

Mahindi ya bisi si mahindi ya kawaida yaliyochaguliwa kwa udogo wake. Ni aina ya pekee, ambayo wataalamu wa mimea huiita Zea mays everta. Punje zake ni ndogo, ngumu na zenye kung'aa.

Kila punje ina sehemu kuu tatu: ganda la nje, wanga uliobanana ndani yake, na kiini ambacho mche ungechipuka kutokana nacho kama punje ingepandwa. Katikati ya wanga huo mna maji.

Kwa mahindi yaliyo katika hali nzuri ya kukaangwa, maji hayo huwa karibu asilimia 14 ya uzito wote. Maana yake ni kwamba katika kila gramu 100 za mahindi makavu kwa kuyatazama, gramu 14 ni maji. Katika punje moja, kiasi hicho hakifiki hata nusu ya tone.

Maji hayo machache ndiyo injini ya kazi yote. Punje inapopashwa moto, maji hutaka kugeuka mvuke, lakini ganda gumu huyazuia yasitoke. Katika sufuria iliyo wazi maji yangechemka kwa nyuzijoto 100 na kupotea hewani. Ndani ya punje hayana pa kwenda, hivyo joto na mgandamizo huendelea kupanda kwa pamoja.

Joto linapofikia nyuzi 180 hivi, mgandamizo ndani ya punje hukaribia mara 10 ya ule wa hewa inayotuzunguka. Kwa kulinganisha, ni zaidi ya mara nne ya nguvu ya upepo unaojazwa katika tairi la gari dogo.

Wakati huo wanga nao umelainika na kuwa kama uji mzito. Ganda hushindwa, hupasuka, na mgandamizo hushuka kwa ghafla. Mvuke hutanuka kwa kasi na kuuvuvumua wanga uwe povu, kisha povu hilo hupoa na kuganda papo hapo. Kilichokuwa ndani ya punje sasa kimekuwa nje, na ukubwa wake umeongezeka kwa takriban mara 40.

Mwaka 2015, watafiti wawili nchini Ufaransa, Emmanuel Virot na Alexandre Ponomarenko, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu tukio hilo. Walibaini kuwa kwa nyuzijoto 170 ni asilimia 34 tu ya punje zilizopasuka, ilhali kwa nyuzi 180 idadi hiyo iliruka hadi asilimia 96.

Watafiti hao walieleza pia kwamba mlio unaosikika si wa ganda kuvunjika, bali ni wa mvuke unaotoka kwa ghafla. Aidha, punje huruka kwa sababu sehemu ya wanga inayotangulia kutoka husukuma chini mfano wa mguu.

Kwa nini mahindi ya ugali hayafai

Swali linaloulizwa mara nyingi ni kwa nini mahindi ya kawaida ya sembe hayatoi bisi hata yakiwekwa katika mashine ileile.

Jibu limo katika ganda na wanga. Ganda la mahindi ya kawaida halina uwezo wa kuuzuia mvuke hadi mgandamizo utoshe, na sehemu kubwa ya wanga wake ni laini, haikubanana. Mvuke huvuja polepole, punje huungua au hupasuka kidogo, na matokeo yake ni mbegu ngumu zilizokaangwa.

Ushahidi mzuri wa jambo hilo unapatikana katika mashine ya kienyeji iliyotumika kwa miaka mingi mitaani nchini China. Hiyo ni chungu kizito cha chuma kilichofungwa kabisa, ambacho huzungushwa juu ya moto kwa mkono. Mgandamizo ukitosha, mwendeshaji hufungua mfuniko kwa mara moja, mlipuko mkubwa husikika, na nafaka yote hutoka ikiwa imevimba.

Chombo hicho huweza kuvimbisha hata mchele na mahindi ya kawaida, kwa sababu chungu chenyewe hufanya kazi ya ganda. Mashine za vioo zinazouzwa madukani hazina uwezo huo. Sufuria yake haikufungwa kwa nguvu, hivyo ganda la punje ndilo linalotegemewa peke yake.

Sehemu za mashine na kazi zake

Kiini cha mashine ya kioo ni sufuria inayoning'inia. Chini yake, kati ya tabaka mbili za chuma, kumefichwa koili ya umeme inayotoa joto. Katika mashine za gesi, mahali pa koili huchukuliwa na jiko lililo chini ya sufuria.

Juu ya sufuria kuna mota ndogo inayozungusha fimbo. Mwisho wa fimbo hiyo, kwenye sakafu ya sufuria, kuna kikorogeo. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba hakuna punje inayokaa mahali pamoja hadi ikaungua, na kwamba zote hupata joto kwa usawa.

Mfuniko wa sufuria hugawanyika mara mbili na haukukazwa. Mwanzoni huzuia punje na mafuta ya moto visiruke nje, na bisi zinapojaa huusukuma wenyewe na kumwagikia ndani ya sanduku. Pembeni kuna mpini ambao mwendeshaji huushika ili kuiinamisha sufuria na kuimwaga yote.

Sakafu ya sanduku huwa na matundu. Bisi zilizofumuka hubaki juu, na punje zisizopasuka huanguka katika trei iliyo chini. Trei hiyo, ambayo wengi huimwaga bila kuitazama, ndiyo inayoonyesha hasara au faida ya siku.

Taa nayo haikuwekwa kwa ajili ya urembo pekee. Joto lake, au la koili ndogo iliyo chini ya sakafu katika baadhi ya mashine, huzifanya bisi ziendelee kuwa kavu. Bisi ni povu lililokauka, na likiachwa katika hewa yenye unyevunyevu, kama ile ya miji ya pwani, hunyonya maji na kunywea.

Mafuta hutumika kwa sababu kuu moja ambayo si ladha. Huizunguka punje pande zote na kuipelekea joto haraka kuliko chuma kinachoigusa upande mmoja. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni sehemu tatu za mahindi kwa sehemu moja ya mafuta, kwa ujazo.

Mafuta yaliyosafishwa ya alizeti au ya nazi hustahimili joto linalohitajika. Siagi na majarini hazifai kuwekwa katika sufuria ya mashine kwa kuwa zina maji ndani yake, na siagi ina mabaki ya maziwa yanayoungua mapema. Anayependa ladha yake huiyeyusha kando na kuinyunyiza juu ya bisi zilizokwisha iva.

Utaratibu wa kukaanga haubadiliki sana kutoka mashine moja hadi nyingine. Sufuria hupashwa moto kwanza, kisha mafuta, mahindi na chumvi laini hutiwa pamoja. Baada ya dakika chache mlio wa kwanza husikika, ukifuatiwa na mfululizo mkubwa. Nafasi kati ya mlio mmoja na mwingine ikifikia sekunde mbili au tatu, joto huzimwa na sufuria humwagwa mara moja.

Anayesubiri hadi punje ya mwisho ipasuke huunguza zile zilizotangulia. Harufu ya bisi zilizoungua huenea katika sanduku lote na hukaa kwa muda mrefu.

Zipo pia mashine ndogo za nyumbani zisizotumia mafuta kabisa. Hizo hupuliza hewa ya moto inayozirusha punje zikizunguka, hivyo hewa hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: ile ya mafuta na ile ya kikorogeo.

Kutoka mkokoteni wa Chicago

Mahindi ya bisi ni ya kale mno. Masalia yaliyofukuliwa katika pwani ya kaskazini ya Peru, na kuelezwa na watafiti mwaka 2012, yanaonyesha kuwa watu wa huko walikula bisi zaidi ya miaka 6,000 iliyopita. Mashine, kwa upande wake, ina umri wa zaidi ya karne moja tu.

Mtu anayetajwa zaidi katika historia yake ni Charles Cretors, mwenye duka la vitamutamu katika jimbo la Illinois, Marekani. Alinunua mashine ya kukaangia karanga, hakuridhika na kazi yake, akaanza kuiunda upya kwa kutumia injini ndogo ya mvuke.

Mwaka 1885 Cretors alianzisha kampuni yake mjini Chicago. Mwaka 1893, wakati wa maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika mjini humo, aliwaonyesha watu mkokoteni uliokaanga mahindi ya bisi katika mafuta kwa nguvu ya mvuke.

Kabla ya hapo wachuuzi walitumia kikapu cha waya kilichotikiswa kwa mkono juu ya moto. Punje ziliungua upande mmoja na kubaki mbichi upande mwingine, na ladha ililazimika kuongezwa baadaye. Mashine ya Cretors iliondoa kubahatisha kwa kuleta mambo mawili ambayo hadi leo hayajabadilika: joto la kiwango kimoja na kukoroga bila kukoma.

Umaarufu wa bisi katika kumbi za sinema ulikuja baadaye, hasa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi ulioanza mwaka 1929. Familia nyingi za Marekani hazikumudu anasa nyingine, lakini mfuko wa bisi uliuzwa kwa senti 5 au 10. Kumbi zilizokuwa zikiwafukuza wachuuzi zikanunua mashine zao wenyewe.

Umeme mdogo, punje nyingi mbichi

Kwa mfanyabiashara wa Afrika Mashariki, jambo la kwanza la kuangalia kwenye mashine ni kibandiko cha nguvu ya umeme.

Mashine iliyotengenezwa kwa matumizi ya Marekani hutumia volti 120, ilhali umeme wa majumbani katika Tanzania, Kenya na Uganda ni kati ya volti 230 na 240. Koili ya volti 120 ikichomekwa katika umeme wa volti 230 hutoa joto la karibu mara nne ya lile lililokusudiwa. Huungua mara moja, na pengine huwasha moto.

Mashine ndogo ya kibiashara hutumia wastani wa wati 1,400 kwa koili yake. Kwa volti 230, huo ni mkondo wa ampea sita hivi. Waya mwembamba wa kuunganishia, hasa ule unaotumiwa kwa redio au taa, hupata moto na kuyeyuka unapobebeshwa mzigo huo kwa saa nyingi.

Gharama ya umeme haitishi kama wengi wanavyodhani. Koili ya wati 1,400 ikiwaka saa nzima bila kuzimwa hutumia uniti 1.4. Kwa mkaango mmoja wa dakika nne, ni chini ya sehemu moja ya kumi ya uniti.

Tatizo kubwa zaidi ni umeme hafifu. Volti zinaposhuka kutoka 230 hadi 180, kama inavyotokea jioni katika mitaa yenye watumiaji wengi, nguvu ya koili haipungui kidogo. Hushuka kutoka wati 1,400 hadi takriban wati 860.

Sufuria itaendelea kupata moto, lakini polepole. Katika ucheleweshaji huo, mvuke hupata muda wa kuvuja kupitia kitako cha punje, pale iliposhikana na gunzi. Mgandamizo haufikii kiwango cha kupasua ganda, na punje hubaki nzima huku maji yake yamekwisha. Kuirudisha katika sufuria hakusaidii.

Joto kali kupita kiasi nalo lina madhara yake. Ganda hupasuka kabla wanga wa katikati haujalainika, na bisi hutoka ikiwa na moyo mgumu unaoumiza meno.

Mashine ya gesi humwepusha mfanyabiashara na tatizo la umeme hafifu na kumwezesha kufanya kazi mahali pasipo na nyaya. Hata hivyo, mota yake bado huhitaji umeme kidogo, isipokuwa kama kikorogeo chake huzungushwa kwa mkono. Mtungi wake unapaswa kusimama wima, mbali na mwali, mahali penye hewa ya kutosha.

Asilimia tatu zinazokula faida

Mashine ikiwa nzima na umeme ukiwa wa kutosha, kinachobaki ni punje yenyewe. Hapa ndipo hasara nyingi zisizoonekana hutokea.

Mahindi hununuliwa kwa kilo lakini bisi huuzwa kwa ujazo. Kilo moja ya mahindi mazuri hutoa karibu lita 40 za bisi, yaani ndoo mbili za lita 20. Mahindi yaliyokauka kupita kiasi huweza kutoa lita 25 au pungufu.

Kwa mfanyabiashara anayeuza mifuko ya lita moja, tofauti hiyo ni mifuko 15 kwa kila kilo. Amelipia mahindi yaleyale, mafuta yaleyale na umeme uleule. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Anayeandika kilo alizokaanga na mifuko aliyouza huigundua hasara hiyo ndani ya juma moja.

Mahindi hupoteza maji yake kwa njia nyepesi: gunia lililoachwa wazi, ndoo isiyo na mfuniko, au stoo yenye paa la bati linalopata jua mchana kutwa. Tofauti kati ya asilimia 14 na 11 haiwezi kuonekana kwa macho, lakini sufuria huitambua.

Dalili za kila hali hutofautiana. Mahindi makavu mno hulia kwa unyonge, hufumuka nusu na kuacha punje nyingi. Mahindi yenye maji mengi hulia kwa kishindo, lakini bisi zake huwa ndogo, zenye kingo kali na hutafunika kama mpira.

Kipimo rahisi ni kuhesabu punje 100, kuzikaanga katika mashine iliyokwisha pata moto na kuhesabu zilizobaki. Zikibaki chache, mahindi ni mazuri. Ikibaki robo au zaidi, kuna kasoro, na ni afadhali kuigundua kabla ya kulipia gunia zima kuliko baadaye.

Mahindi yaliyokauka yanaweza kurekebishwa. Ili kuyainua kutoka asilimia 11 hadi 14, kilo moja huhitaji mililita 35 hivi za maji safi, yaani vijiko vikubwa viwili na kidogo zaidi. Hutiwa katika chombo kisichopitisha hewa, hutikiswa mara kwa mara hadi maji yote yanyonywe, kisha huachwa siku mbili hadi nne ili unyevu uingie hadi katikati ya punje.

Anayeloweka mahindi kwa maji mengi na kuyakaanga saa hiyohiyo hupata hasara maradufu. Maji yake yako juu ya ganda, hayakuingia ndani, na yakikutana na mafuta ya moto huruka na kuunguza mikono.

Hatari isiyoonekana

Marekebisho hayo yana mpaka wake. Nafaka yenye unyevu ikiwekwa kwa muda mrefu, hasa katika joto la ukanda wetu, hushambuliwa na kuvu. Baadhi ya kuvu hao hutengeneza sumukuvu iitwayo aflatoksini, ambayo huharibu ini.

Hilo si jambo la vitabuni tu. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yalisababisha vifo vya watu 125 mashariki mwa Kenya. Mwaka 2016, watu 20 walifariki dunia kutokana na sumu hiyohiyo katikati ya Tanzania, wengi wa waathirika wakiwa wa mikoa ya Dodoma na Manyara.

Joto la mashine ya bisi halitoshi kuiondoa sumu hiyo kabisa. Kwa hiyo, mahindi yaliyoongezwa maji yanapaswa kuwa ya kutumika ndani ya siku chache, wala si ya kuhifadhiwa. Punje zilizobadilika rangi, zenye ukungu au harufu ya uvundo hazifai kukaangwa, hata kama bado zinapasuka.

Usafi wa mashine nao ni sehemu ya usalama huo. Mafuta yanayoganda pembeni mwa sufuria huungua upya katika kila mkaango, hutoa moshi na kuzipa bisi ladha chungu. Sufuria hufutwa ikiwa ya vuguvugu baada ya umeme kuchomolewa, na haizamishwi majini kwa sababu ya koili na nyaya zilizomo.

Wauzaji walio karibu na shule za awali wana jambo la ziada la kukumbuka. Bisi haziwafai watoto walio chini ya umri wa miaka minne, kwani vipande vyake vyepesi na maganda yake huweza kuingia katika njia ya hewa na kuwapalia.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi anayesimama mbele ya mashine mpya dukani mara nyingi huvutwa na rangi ya sanduku, ukubwa wa vioo na magurudumu ya mkokoteni. Vitu hivyo huvuta wateja, lakini havipasui punje hata moja.

Yanayostahili kuulizwa ni machache. Je, volti zake ni zipi? Koili yake ina wati ngapi, na je, vipuri vya koili na mota vinapatikana? Je, sufuria hutoka kwa urahisi ili isafishwe? Je, muuzaji yuko tayari kuiwasha na kukaanga mbele ya mnunuzi, kwa mahindi ambayo mnunuzi amekuja nayo mwenyewe?

Swali la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Mashine ikifanya vizuri kwa mahindi ya muuzaji na vibaya kwa mahindi ya mnunuzi, huenda mashine haina kosa lolote. Kosa limo katika gunia, na hakuna mashine, iwe ya bei gani, inayoweza kulirekebisha.